Mwezi Mmoja Bila Soko: Ununue Nini, kwa Shilingi Ngapi

Goma, mashariki mwa Kongo, ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, umeme, maji ya bomba, intaneti na benki vilikatika karibu kwa mpigo. Watu waliteremka Ziwa Kivu na madumu, na maji waliyochota yakaleta hofu ya kipindupindu. Biashara ya chakula ilianza kurudi mapema kuliko fedha: benki zilikaa zimefungwa kwa miezi, na mwenye salio kwenye simu ilimbidi amwachie wakala kamisheni nono ndipo aone noti.

Kwingine kwetu yametokea kwa kiasi chake. Kenya, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, maduka yalifungwa na vocha za kukwangua zikapanda bei. Uganda ikakosa mafuta kwa sababu malori hayakupita. Tanzania, siku ya uchaguzi, Oktoba 29, 2025, intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa na Dar es Salaam ikawekewa marufuku ya kutoka usiku. Waliokuwa watu wazima mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanakumbuka foleni za sukari na sabuni. Kwa hiyo familia inayojiandaa kwa mwezi mmoja wa soko kufungwa haifanyi jambo la ajabu. Tatizo ni kwamba wengi hununua kwa kuangalia bei ya dukani peke yake. Akiba ina gharama nyingine tatu: kuitunza isioze, kuipika, na kuigeuza kuwa kitu unachokihitaji siku hiyo.

Tuanze na chakula, maana ndicho kinachokula fedha nyingi. Mgao wa kawaida wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani kwa mtu mmoja kwa siku ni takriban gramu 400 za nafaka, 60 za kunde au maharage, 25 za mafuta na 5 za chumvi, pamoja na unga kidogo wa lishe. Familia ya watu watano kwa siku 30 inahitaji basi kilo 60 za nafaka, kilo 9 za maharage, karibu lita 4 za mafuta na chumvi isiyofika kilo moja. Bei nitakazotumia, kwa shilingi za Tanzania, ni za mfano tu. Weka za sokoni kwako, hesabu itabaki ileile.

Tuseme mahindi ni shilingi 900 kwa kilo, sembe 1,600 na mchele 2,600. Kilo 60 za mahindi ni shilingi 54,000, za sembe 96,000, za mchele 156,000. Kwa macho ya haraka mahindi yameshinda. Lakini mahindi yanataka mashine, na mashine inataka umeme au dizeli, vitu vya kwanza kukosekana. Bila mashine utayachemsha makande, na makande ya mahindi makavu yatakaa jikoni saa mbili au tatu, wakati wali unaiva kwa nusu saa na kitu. Mkaa ukipanda bei mara mbili, nafuu ya mahindi inaishia jikoni. Kwa mpangaji wa Tandika au Buguruni, Dar es Salaam, mwenye jiko moja, ningegawa nusu kwa nusu: kilo 30 za sembe na 30 za mchele, shilingi 126,000. Ongeza maharage kwa 27,000, mafuta kwa 24,000 na chumvi kwa 1,000, jumla 178,000. Aliye kijijini na kinu na mchi nyumbani, na kuni karibu, anunue mahindi bila kusita.

Dona ina lishe zaidi kuliko sembe, na kwa mlo wa kila siku ndiyo ninayoipendelea. Kwa akiba haifai. Kiini cha punje kina mafuta, na mafuta hayo huchacha, unga ukawa mchungu mapema. Sembe iliyokaushwa vizuri hukaa miezi kadhaa. Mahindi yenyewe, yakitunzwa, hukaa mwaka na zaidi.

Kuyatunza ndiko kwenye kazi. Adui ni dumuzi, mdudu aliyeingia Tanzania kupitia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970 na ambaye hutoboa punje mpaka gunia libaki vumbi. Tuseme gunia la kilo 100 lina thamani ya 90,000. Likiwa kwenye kiroba cha kawaida cha shilingi 1,000, dumuzi akala robo tu, umepoteza 22,500. Mfuko wa PICS, wenye tabaka mbili za plastiki ndani na kiroba nje, ni kama shilingi 5,000. Unafungwa kila tabaka peke yake, hewa haiingii, na wadudu wanaokuwa ndani huimaliza oksijeni wenyewe wakafa. Hakuna dawa inayohitajika. Ukiutunza usitoboke unautumia zaidi ya msimu mmoja, kwa hiyo ile 4,000 ya ziada inarudi mapema sana. Dawa ya unga ya Actellic nayo ni nafuu na imezoeleka, ila nguvu yake hupungua kwa miezi, na wengi huipima kwa kiganja badala ya kipimo kilichoandikwa kwenye paketi. Sipendi chakula cha watoto kitegemee kiganja.

Mfuko wa PICS una udhaifu mmoja, panya. Nyumba yenye panya inunue pipa. Pipa la lita 200 huchukua kama kilo 150 za mahindi, na likijazwa hadi juu na kufungwa vizuri linafanya kazi kama ya mfuko. Hakikisha tu lilibeba mafuta ya kula au juisi. Lililobeba kemikali usilichukue hata kama unapewa bure.

Kabla ya kufunga chochote, pima unyevu. Chukua chupa kavu ya kioo, tia chumvi kavu kidogo na mahindi hadi theluthi ya chupa, tikisa dakika moja kisha iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za kioo, mahindi bado mabichi, yarudishe juani. Kipimo hiki kinagharimu chumvi ya shilingi chache, na kinakuepusha na sumukuvu. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa, na ukiyafungia hewa mahindi mabichi umeyahifadhi pamoja na ugonjwa.

Maji. Viwango vya kimataifa vya dharura vinataka lita 15 kwa mtu kwa siku kwa matumizi yote. Za kunywa na kupikia peke yake ni kama 3. Tangi la lita 1,000, tuseme 250,000, ni shilingi 250 kwa lita, kabla ya kibanda chake na mabomba. Dumu la lita 20 kwa 5,000 ni shilingi 250 kwa lita vilevile. Tangi likijaa linatosheleza familia ya watano kwa siku 13 kwa matumizi yote. Madumu kumi yanatosha siku 13 za kunywa na kupikia tu. Hata hivyo kwa mpangaji nachagua madumu: yananunuliwa moja moja kila mwisho wa mwezi, yanahamishika, na moja likichafuka tisa yamebaki salama. Pipa la wazi linalochotwa kwa kata sikushauri, kwa sababu mkono mmoja mchafu unaharibu maji yote. Weka na vidonge vya kutibu maji, kile cha ukubwa wa lita 20 kwa kila dumu. Kuchemsha lita 15 kila siku ni gharama ya mkaa ambayo watu husahau kuiandika.

Kuhusu nishati sitachukua muda mrefu. Gesi ni safi na ya haraka, lakini mtungi ukiisha na barabara imefungwa, umebaki na chuma. Mkaa mkavu hauharibiki hata ukikaa miaka. Kuwa na vyote viwili: mtungi mmoja uliojaa usioguswa, gunia moja la mkaa, na jiko sanifu la udongo, ambalo hupunguza mkaa kwa robo hadi nusu. Loweka maharage usiku kucha. Na siku za hofu, mlango ukiwa umefungwa, mkaa usiwashwe chumbani wala usilale nao. Hewa yake inaua watu wakiwa usingizini.

Fedha igawe. Salio la simu ni salama dhidi ya mwizi wa mfukoni, ila linategemea mtandao na wakala mwenye noti. Dola inalinda thamani shilingi ikiporomoka, kama walivyojua Wazimbabwe waliopoteza akiba ya benki mwaka 2008, lakini unapoteza kidogo unaponunua na kidogo tena unapouza, na Kongo noti ya dola yenye mchaniko mdogo tu hukataliwa. Kwa familia nyingi ningeanza na matumizi ya wiki mbili katika noti ndogo, 1,000 na 2,000 na 5,000. Muuza nyanya aliyekosa chenji hatakuuzia kwa noti ya elfu kumi, au atakuuzia nyanya za elfu kumi. Dola zije baada ya chakula na maji.

Mwenye presha, kisukari au anayetumia ARV amwombe daktari dawa za miezi kadhaa mapema. Huduma hiyo ipo kwa wengi walio imara kwenye matibabu, na mara nyingi gharama yake ni kuuliza tu.

Asiye na 178,000 mkononi asisubiri kuzipata zote. Mwezi wa kwanza anunue madumu mawili, vidonge vya maji, chumvi na kilo 5 za mchele. Mwezi wa pili maharage na dumu jingine. Kila anaponunua kipya akiweke nyuma na ale cha mbele, na tarehe aiandike kwa kalamu ya wino mzito juu ya mfuko.