Trekta Kuukuu na Vumbi la Shinyanga

Wiki hii nataka tuzungumzie trekta kuukuu. Wengi wenu mlio mjini mmekwisha kutia kiinua mgongo chenu, au mnafikiria kukitia, katika Massey Ferguson 135 la siku nyingi, lipelekwe kwa ndugu Shinyanga likalime mpunga na pamba, na kiangazi likavute tela la mawe ya dhahabu kwenda kwenye makarasha ya Nyarugusu, Geita. Biashara si mbaya. Injini yake ya Perkins yenye silinda tatu ni ngumu, na mafundi wa vijijini wanaielewa. Lakini ina maadui wawili: vumbi na mafuta machafu.

Vumbi ndilo baya zaidi. Injini ya dizeli haina plagi. Mafuta yake huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa, na hewa hiyo huvutwa kwa wingi. Ikiingia na vumbi, husugua ringi na silinda kama msasa. Chujio la hewa la matrekta mengi ya zamani ni bakuli lenye oili. Kiangazi lifunguliwe kila siku. Oili ikiwa tope, mwaga, osha bakuli kwa dizeli, tia oili safi mpaka kwenye alama. Usizidishe, maana injini inaweza kuivuta na kuiunguza, ikanguruma kwa kasi isiyozuilika. Tazama pia mpira unaotoka kwenye chujio kwenda kwenye injini. Ukipasuka, chujio limekuwa pambo tu.

Sasa mafuta. Pampu ya dizeli na nozeli hulainishwa na dizeli yenyewe. Zamani kilio kilikuwa uchakachuaji wa mafuta ya taa, mpaka Serikali ilipopandisha kodi yake mwaka 2011. Mimi naogopa zaidi madumu. Dumu lililoshinda shambani lina maji na mchanga chini. Liache litulie usiku kucha, na yale ya mwisho usiyamimine.

Trekta likikataa kuwaka baada ya kubadilishwa filta, mara nyingi ni hewa imeingia. Legeza skrubu ya juu ya filta, piga pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe, kaza, kisha fanya vivyo hivyo kwenye pampu ya dizeli. (Madereva wetu, sijui kwa nini, huona bora kulisukuma.)

Na siku ya kununua, fika asubuhi, uguse injini. Ikiwa ya moto, muuzaji amekuwahi. Mwambie utarudi kesho. Likiwashwa, tazama moshi. Mweusi ni hewa haitoshi au nozeli mbovu. Mweupe wa mwanzo si neno, lakini usipokoma, injini haibani vizuri au maji yanaingia. Wa bluu ni oili inaungua, kwa kawaida ringi zimekwisha. Halafu chomoa kijiti cha kupimia oili. Ukiona oili imekuwa rangi ya chai ya maziwa, maji yamekwisha kuchanganyika nayo. Gasketi imeungua au silinda hedi ina ufa. Hilo mwachie mwenyewe.