Ziwa Tanganyika katika Diski za 4K: Mustakabali wa Filamu za Zamani

Mwambao wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Ujiji na Kigoma hadi Gombe, umeipatia sinema ya dunia visa kadhaa ambavyo havijasahaulika, ingawa vingi kati ya hivyo vilipigwa picha kwingine, vikahifadhiwa kwingine, na sasa vinauzwa kwingine katika diski ambazo ni nadra kuonekana katika maduka ya Kigoma. Diski hizo, zinazojulikana kibiashara kama 4K Ultra HD Blu-ray, ziliingia sokoni mwaka 2016, na japokuwa zilibuniwa kwa ajili ya filamu mpya na runinga kubwa za kisasa, zimegeuka kuwa kimbilio la filamu zilizotengenezwa miaka 50, 60 au hata 80 iliyopita.

Ili kuelewa sababu ya hali hiyo, yafaa kwanza kujua diski hiyo inabeba nini. Picha ya runinga hujengwa kwa nukta ndogo za rangi zinazoitwa pikseli, na kadiri zinavyoongezeka ndivyo jicho linavyoona mambo madogo zaidi. DVD, ambayo mitaani wengi huiita CD tu, hubeba pikseli zisizozidi 414,720 katika kila picha. Blu-ray ya kawaida hubeba takriban milioni 2. Na diski ya 4K hubeba zaidi ya milioni 8, yaani mistari 2,160 yenye pikseli 3,840 kila mmoja. Pamoja na hayo upo mfumo wa HDR, unaopanua umbali kati ya weusi mzito na mwanga mkali, na kila rangi ya msingi hupewa ngazi 1,024 badala ya 256 za awali, hivi kwamba anga la machweo hushuka kutoka rangi ya chungwa hadi zambarau bila ile mistari ya ngazi inayochukiza macho.

Hata hivyo, wingi wa pikseli ni ukubwa wa chombo tu, na kilichomo ndani yake ni habari nyingine. Filamu za zamani zilipigwa kwa kanda zilizopakwa dawa yenye chembe za fedha, na ukanda uliokuwa ndani ya kamera siku ya kupiga picha, unaoitwa negativu, ndio asili ya kila nakala iliyofuata. Negativu ya milimita 35 iliyotunzwa vizuri huwa na mambo madogo mengi kuliko Blu-ray ya kawaida inavyoweza kubeba, ndiyo maana filamu ya mwaka 1939 yaweza kuing'arisha runinga ya leo kuliko tamthilia iliyorekodiwa kwa kamera ya video mwaka 1995. Yule aliyerekodi kwa kanda ya video amefungwa milele na ubora wa kanda ile, na hilo ni pigo kwa sehemu kubwa ya filamu za Kitanzania, kama itakavyoonekana mbele.

Mfano ulio karibu zaidi na Kigoma ni The African Queen, filamu ya mwaka 1951 iliyoongozwa na John Huston kutokana na riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935. Kisa chake kimechukuliwa kwa mbali kutoka vita vya mwaka 1915 na 1916 katika Ziwa Tanganyika, wakati Waingereza walipozivusha mashua zao Mimi na Toutou kwa nchi kavu kupitia Kongo ili kuzikabili meli za Wajerumani. Manowari ya Kijerumani inayotisha katika filamu hiyo ilitokana na Graf von Götzen, meli iliyoundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa katika masanduku na kusafirishwa hadi Kigoma, ambako iliunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Katika filamu meli hiyo inalipuliwa na adui. Katika historia, Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916 karibu na mdomo wa Mto Malagarasi, baada ya kuipaka injini grisi nzito ili isiliwe na kutu. Waingereza walipoiibua mwaka 1924 waliikuta bado inafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ambalo wakazi wa mwambao wanalijua kuliko wanavyoijua filamu yenyewe.

Wapiga picha wa Huston hawakufika Kigoma. Walifanya kazi Uganda, hasa Butiaba kwenye Ziwa Albert na karibu na maporomoko ya Murchison, na pia katika Kongo ya Wabelgiji kando ya Mto Ruiki, kisha wakamalizia studio nchini Uingereza. Jack Cardiff, aliyesimamia upigaji picha, alitumia kamera ya Technicolor, dude zito ambalo ndani yake mwanga uligawanywa na kipande cha kioo ukaangukia kanda tatu kwa mpigo, moja ikipokea wekundu, nyingine ukijani na ya tatu ubuluu. Jambo la kustaajabisha ni kwamba kanda zote tatu zilikuwa za rangi nyeusi na nyeupe. Rangi zenyewe zilizaliwa baadaye, wakati wa kuchapa nakala za kuonyeshea. Kwa kuwa hazikuwa na rangi ya kuchuja, negativu za aina hiyo zilinusurika na ugonjwa uliozipata filamu nyingi za miaka ya 1950 na kuendelea, ambazo buluu na kijani vilififia hadi picha nzima ikabaki na wekundu wa tofali.

Udhaifu wake ni mwingine. Kanda hunywea kadiri miaka inavyopita, na kanda tatu hazinywei sawa, kwa hiyo zikiwekwa pamoja pindo la shati huonekana lina kivuli chekundu upande mmoja na cha kijani upande wa pili. Hilo ndilo kompyuta ilikuja kulitibu: katika ukarabati uliofanywa na kampuni ya Paramount, negativu tatu za filamu hiyo ziliskaniwa kwa kiwango cha 4K na kulinganishwa upya picha kwa picha, kazi iliyozaa Blu-ray ya mwaka 2010. Watazamaji wa Marekani walikuwa wamesubiri muda mrefu, kwani kabla ya hapo hata DVD rasmi ya filamu hiyo maarufu, iliyompatia Humphrey Bogart Oscar yake pekee, haikuwahi kutolewa nchini mwao. Blu-ray yenyewe hubeba robo tu ya pikseli za 4K, maana yake kazi kama hiyo huacha akiba ambayo diski ya kawaida haiwezi kuimaliza.

Ubora huo una tija isiyotajwa sana na wauzaji. Katika onyesho la mwanzo, ndani ya kanisa la misheni, Katharine Hepburn anapiga kinanda mbele ya waumini wa Kiafrika ambao filamu inawatumia kama mapambo na hata haiwataji katika orodha ya waigizaji. Katika kanda za VHS waumini hao walikuwa utando wa kahawia nyuma ya wazungu wawili. Picha inapotoka kwenye negativu, kila mmoja anarudishiwa sura yake, na mtazamaji wa Afrika Mashariki ana haki ya kuzitazama sura hizo kwa makini kuliko anavyomtazama Bogart.

Si kila filamu ya mwambao huu itanufaika kwa kiwango hicho. Jane, filamu ya mwaka 2017 kuhusu utafiti wa Jane Goodall huko Gombe, ilijengwa juu ya zaidi ya saa 100 za picha alizopiga Hugo van Lawick katika miaka ya 1960 kwa ukanda wa milimita 16, ambao eneo la picha yake ni kama moja ya tano tu ya ule wa milimita 35. Ukanda kama huo ukipandishwa hadi 4K, kinachoongezeka kwa haki ni rangi na kina cha vivuli vya msitu, huku manyoya ya sokwe yakibaki karibu yalivyokuwa, na anayedai zaidi ya hapo pengine ameiachia kompyuta ibuni kile ambacho kamera haikukiona. Lawama za namna hiyo ziliziandama diski za Aliens na True Lies mwaka 2024, ambazo chembechembe za asili za ukanda zilisafishwa mpaka ngozi za watu zikaonekana kama za sanamu za nta.

Kuhusu soko, dalili ni mchanganyiko. Oppo iliacha kutengeneza deki za 4K mwaka 2018, Samsung ikafuata mwaka 2019 na LG mwaka 2024, ilhali kampuni ndogo zinazowahudumia wapenzi wa filamu zimeongeza kasi, Criterion ikiwa imeanza matoleo yake ya 4K mwaka 2021. Kwa Kigoma, deki yenyewe huenda ikafika kwa mlango wa nyuma, kwa kuwa PlayStation 5 yenye sehemu ya kuingizia diski husoma 4K, wakati PS4, ikiwemo ile ya Pro, haiwezi. Diski hizi pia hazina kufuli la maeneo, tofauti na DVD, ambazo ziliiweka Tanzania katika eneo la 5 na kuifanya DVD halali iliyonunuliwa Marekani ikataliwe na deki ya hapa. Kupakua ni hadithi nyingine: diski moja hubeba hadi gigabaiti 100, mzigo ambao bando la kawaida la simu haliukaribii, na ndiyo maana muvi zinazouzwa kwa kuingizwa kwenye flashi hukamuliwa hadi gigabaiti moja au mbili.

Filamu za Tanzania yenyewe zina safari ndefu zaidi. Kampuni ya Filamu Tanzania ilianzishwa mwaka 1968, na kazi kama Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985 zilipigwa kwa ukanda halisi, hivyo zina kitu cha kuskani ilimradi negativu zake zipo mahali pa baridi na pakavu. Wimbi la Bongo Movie lililofuata baada ya mwaka 2000 lilirekodiwa kwa video, na kulipeleka katika 4K ni sawa na kukuza picha ya pasipoti iwe bango la barabarani. Mradi wa urithi wa filamu za Afrika uliozinduliwa mwaka 2017 na The Film Foundation, shirikisho la watengenezaji filamu wa Afrika FEPACI na UNESCO ulilenga kukarabati filamu 50 za bara zima, na filamu isiyo na negativu inayojulikana ilipo haiwezi hata kuanza kujadiliwa.

Liko jambo moja ambalo halihitaji negativu: sauti ya Kiswahili. Watazamaji wa mabanda ya video, vile vibanda umiza vya mijini na minadani, walizoea kwa miaka mingi kusikia filamu za kigeni zikisimuliwa kwa Kiswahili na watu kama Lufufu, aliyeeleza, akatania na kufafanua huku picha ikiendelea. Diski moja ya 4K inaweza kubeba lugha kadhaa kwa pamoja. Sauti ya kawaida ya Dolby kwa dakika 105 za The African Queen huchukua kama nusu gigabaiti, chini ya asilimia moja ya diski ya gigabaiti 66. Kampuni zinazomiliki filamu za zamani hujaza nafasi hiyo kwa Kifaransa, Kihispania, Kijerumani na Kijapani, kwa sababu huko ndiko kuliko na wanunuzi.