Fahamu: Ukienda Dubai au Umra, ubebe dola au kadi?

Dirham ya Imarati haijabadilika dhidi ya dola tangu 1997: dola moja ni dirham 3.6725. Riyali ya Saudia imesimama kwenye 3.75 tangu 1986. Kwa hivyo msafiri wa Mji wa Kale hupunjwa zaidi hapa hapa Mombasa, shilingi inapogeuzwa kuwa dola. Zunguka maduka mawili matatu ya kubadilisha pesa kabla ya kutoa chako, na uzikague noti: iliyochanika, iliyochorwa au ya zamani huenda ikakataliwa.

Kadi nayo ina ujanja wake. Mashine ya dukani ikikuuliza ulipe kwa shilingi au dirham, chagua dirham. Ukichagua shilingi, bei ya kubadilishia hupangwa na upande wa muuzaji, na aghalabu ni kali. Benki yako pia hukata chake, basi uliza kabla ya kusafiri.

Mimi kadi ningeiachia hoteli. Sokoni Deira, huko Dubai, ambako bei ni ya kuvutana, taslimu ndiyo husema. Ukibeba zaidi ya dola 10,000, sharti uzitangaze kwa forodha ya Kenya.