Kaa wa minazi na majitu ya pointi 600

Mtoto akikwambia kwamba Dragonite "si wa hadithi, lakini yuko karibu", usidhani anaropokwa. Anataja daraja linalojulikana na wachezaji wa Pokémon kote duniani, ingawa jina la daraja hilo wamelitunga wenyewe. Tangu michezo hiyo ilipoanza kutoka Japani mwaka 1996, kila awamu ina viumbe wake wa hadithi. Aghalabu kila mmoja yuko peke yake, hazai, na ana kisa kizito: huyu alitanua bahari, yule anatawala wakati. Chini yao kuna kundi dogo lisilo na kisa kikubwa cha kusimuliwa, ila ukikutana nalo ulingoni utajua umekutana na nani.

Vigezo ni vikali kuliko mtu anavyodhani. Kiumbe awe wa mwisho katika ukoo wa maumbo matatu. Jumla ya uhai, mashambulizi, ulinzi na kasi yake iwe pointi 600 barabara. Na awe mzito wa kukua, maana anahitaji pointi 1,250,000 za uzoefu ili afike ngazi ya 100. Slaking ana maumbo matatu na pointi 670, na bado yuko nje. Amezidi, na tena ni mvivu: akipiga zamu hii, ijayo anapumzika. Mewtwo, wa hadithi, ana 680.

Kwangu mimi siri ya kundi hili ni ule uzito wa kukua. Dratini ukimvua majini ni kijoka dhaifu cha pointi 300. Ngazi ya 30 anakuwa Dragonair, na mpaka ya 55 ndipo awe Dragonite. Zweilous, wa ukoo mwingine wa kundi hili, anakusubirisha hadi ya 64, na wengi hukata tamaa njiani. Hata watunzi wenyewe walishindwa kungoja: katika toleo la Gold na Silver la 1999, bingwa Lance anakuja na Dragonite watatu wa ngazi za 47, 47 na 50, umri ambao mchezaji wa kawaida angekuwa bado na Dragonair. Watoto waliohesabu hawajamsamehe.

Sasa tuje kwetu Unguja, maana madaraja haya mawili tunayo.

Wa hadithi ni chui. Alikuwa mnyama wa kweli, mdogo kuliko chui wa bara, mwenye madoa ya karibu karibu, na mmoja aliyekaushwa amewekwa makumbusho mjini. Lakini vijijini watu walimgawa mara mbili: chui wa mwitu, na chui wa kufugwa, anayetumwa na mchawi kudhuru jirani. Sifa hiyo ndiyo iliyomponza. Baada ya Mapinduzi ya 1964, kampeni iliyoongozwa na mganga Kitanzi iliwaandama wachawi na chui kwa pamoja, na uwindaji uliofuata ulimmaliza, au karibu ummalize. Watafiti Martin Walsh na Helle Goldman wameyaandika haya kwa kirefu, na ni vigumu kumhifadhi mnyama ambaye watu wanaamini ana mwenyewe.

Wa pointi 600 yuko Chumbe, kisiwa kidogo kusini magharibi ya Mji Mkongwe, chenye mnara wa taa wa 1904 na hifadhi iliyotangazwa rasmi mwaka 1994. Ni kaa wa minazi. Hakuna mchawi anayesemwa kumtuma, wala yeye hana haja na mchawi.

Huyu ndiye mkubwa kuliko wote miongoni mwa jamii ya kaa na wadudu wanaoishi nchi kavu: hufika kilo 4, na miguu ikinyooshwa hukaribia mita moja. Huko Okinawa, Japani, watafiti walipima magando ya kaa 29, na matokeo yao ya 2016 yalionyesha kwamba mwenye nguvu kuliko wote alibana kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 180 hivi, naye mwenyewe hakuzidi kilo mbili na ushei. Nazi haipasui kwa pigo moja kama wanavyosimulia watu. Anachambua makumbi, uzi kwa uzi, kuanzia upande wenye macho matatu, kisha anatoboa jicho na kupanua tundu. Kazi hiyo inaweza kumchukua siku kadhaa.

Na maumbo yake ni matatu, kama sheria inavyotaka. Jike hushuka pwani usiku kumwaga mayai baharini, na watoto huelea na maji kwa wiki tatu au nne. Waliosalimika hupanda nchi kavu wakiwa wadogo mno, kila mmoja amejisitiri ndani ya kombe la konokono. Wakishakua gamba lao wenyewe likakomaa, kombe huachwa moja kwa moja. Tangu hapo kaa huyu anavuta hewa. Ukimzamisha baharini atakufa maji. Kila anapojivua gamba hujichimbia shimoni wiki kadhaa, laini na bila ulinzi. Huchukua miaka mitano hivi kabla ya kuzaa, na umbo lake kamili hulifikia baada ya miaka 40 au zaidi.

Kisiwani Chumbe kaa huyu hutoka usiku, na wageni huongozwa kwa tochi kwenda kumtazama katika msitu wa maweni. Visiwa vingi vya Bahari ya Hindi vilivyojaa watu vimemla akapungua au akatoweka, na tangu 2018 yumo katika orodha ya kimataifa ya wanyama walio hatarini.

Hapa ndipo mchezo na maumbile vinapoachana. Dratini ukimpoteza, unawaacha Dragonite wawili kwa mlezi, unatembeatembea, yai linaanguliwa. Kaa wa minazi hakuna aliyefanikiwa kumfuga kibiashara tangu yai mpaka utu uzima. Aliyeliwa leo akiwa na kilo nne alianza kuelea baharini kabla mchezo wa kwanza wa Pokémon haujauzwa.