KUNG'OA KIBARAZA CHA MBAO NA KUMWAGA ZEGE: PIGA HESABU KABLA HELA HAIJAZAMA KWENYE TOPE

Leo tuachane kidogo na siasa na mpira, tuongelee kitu kinachokula hela za watu kimyakimya huku kwetu Kibiti na kule Delta ya Rufiji.

Wengi wenu mnaosoma hapa mna wazee nyumbani. Nyumba ina kibaraza cha mbao mbele, zile mbao zilizopigiliwa juu ya nguzo, watu wanakaa jioni, mkeka unatandikwa, mpunga unaanikwa. Miaka inapita, mchwa wanaingia, ubao mmoja unakatika, mtoto anatumbukiza mguu. Hapo sasa simu inalia: "Mwanangu, tutumie hela ya sementi, tumwage zege tupumzike na hizi mbao."

Unatuma. Baada ya mwezi unaambiwa hela haijatosha. Unatuma tena. Baada ya masika mawili unaambiwa zege limepasuka katikati kama muhogo uliochemka. Imekula kwako!

Sasa tuelezane taratibu. Je, kubadilisha mbao kwa zege kunalipa? Jibu fupi: bei ya zege haijulikani dukani, inajulikana kwenye ardhi utakayolimwagia. Jibu refu ndilo hili hapa chini.

KWANZA, KWA NINI WATU WALIJENGA KWA MBAO?

Wazee hawakuwa wajinga. Delta yote imejengwa na tope la mto. Huko Mbuchi, Salale, Kiongoroni, Msala, Maparoni, huokoti jiwe hata la kumrushia kunguru. Maji yanajaa na kupwa kila siku, na wakati wa bamvua yanapanda zaidi ya mita 3. Mto nao una mambo yake, si unakumbuka mafuriko ya Aprili 2024 Rufiji na Kibiti yalivyozamisha nyumba na mashamba?

Ndio maana hata mashambani watu wanajenga madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo. Maji yanapita chini, mtu yuko juu na mpunga wake. Kibaraza cha mbao kina akili hiyohiyo: maji yakija yanapita, hayagombani nacho.

Na miti ilikuwa mlangoni. Mkoko na mkandaa ni miti migumu, mchwa wanaisikia kwa mbali. Boriti za Rufiji zilipakiwa majahazini kwa miaka mingi kwenda Uarabuni na Ghuba kuezekea nyumba za huko. Watu wa jangwani walikuwa wanalala chini ya miti ya kwetu.

Siku hizi mambo yamebadilika. Ukataji wa mikoko ulipigwa marufuku mwaka 1987, na mikoko ni msitu wa hifadhi: kukata kunaendana na kibali, na wasimamizi ni TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu. Kwa hiyo ukisikia mtu anakuuzia nguzo za mkoko bei chee usiku, ujue chee hiyo ni kwa sababu hana kibali. Ukikamatwa nazo, faini utaijumlisha kwenye hesabu ya kibaraza? Halafu mikoko ndiyo inayoshika kingo za mto. Ukiimaliza ya mbele ya kijiji, ardhi yenyewe ya kuwekea kibaraza inaondoka.

Matokeo yake, wengi sasa wanatumia mbao za kawaida za dukani, na hizo kwenye mvua na mchwa hazidumu kama mkoko. Hapo ndipo zege linapoanza kuvutia.

TUJE KWENYE MAHESABU

Tuchukue kibaraza cha mita 4 kwa mita 3, unene wa zege sentimita 10. Zidisha: 4 × 3 × 0.1 = mita za ujazo 1.2. Mchanganyo wa kawaida ni sementi moja, mchanga mbili, kokoto nne. Kwa kipimo hicho unahitaji:

- Sementi mifuko 8 ya kilo 50
- Mchanga ndoo 28 za lita 20
- Kokoto ndoo 56 za lita 20
- Kifusi cha chini, unene sentimita 15 kikishashindiliwa: nunua kama mita za ujazo 2

Kwa kila mfuko mmoja wa sementi ni mchanga ndoo tatu na nusu, kokoto ndoo saba, maji kama lita 25 au pungufu kama mchanga umelowa. Andika kwenye karatasi uende nayo saiti. Fundi akikwambia mifuko mitano inatosha kwa eneo hilohilo na unene uleule, muulize mitatu iliyobaki ameiweka wapi.

Sasa bei. Hizi nilizoweka ni za MFANO tu ili uone njia ya kuhesabu. Bei ya kwenu toa uweke ya leo ya duka lako.

Zege, Kibiti mjini:
Sementi 8 × 17,000 = 136,000
Mchanga = 18,000
Kokoto = 88,000
Kifusi = 40,000
Mbao za kuzuia zege pembeni na misumari = 30,000
Fundi na vibarua = 100,000
Jumla 412,000. Ongeza asilimia 10 ya dharura, unapata kama 453,000.

Mbao mpya, eneo hilohilo:
Mbao 20 za inchi 1 kwa 8, futi 12, × 12,000 = 240,000
Mihimili na nguzo = 100,000
Misumari = 15,000
Dawa ya mchwa = 20,000
Fundi = 60,000
Jumla 435,000. Na asilimia 10, kama 478,500.

Umeona? Watu wanadhani mbao ni rahisi sana kuliko zege. Kwa mfano huu siku ya kwanza zinakaribiana.

Lakini bei ya siku ya kwanza siyo bei yenyewe. Gawa kwa miaka. Tuseme zege lililokaa vizuri linadumu miaka 20: 453,000 ÷ 20 = kama 22,650 kwa mwaka. Tuseme mbao zinadumu miaka 6 na kila mwaka unabadilisha ubao mmoja au miwili na misumari, 20,000 hivi: 478,500 ÷ 6 ni kama 80,000, ongeza 20,000 ya matengenezo, unapata 100,000 kwa mwaka.

Kwa Kibiti mjini, Bungu, Jaribu Mpakani, kule juu kwenye ardhi kavu ya kichanga kandokando ya barabara ya Kilwa, mjadala umeisha. Mwaga zege.

SASA PANDA BOTI TWENDE DELTA

Hapa ndipo watu wanapopigwa. Vitu vyote vinatoka nje. Gari mpaka Nyamisati au bandari nyingine ndogo, halafu chombo, halafu kichwani kwa mtu.

Piga uzito. Sementi mifuko 8 ni kilo 400. Mchanga kama kilo 900. Kokoto kama kilo 1,600. Hapo ni tani 2.9. Kifusi ni tani 3 nyingine. Jumla karibu tani 6, yaani mizigo 120 ya kilo 50! Kama chombo na wabebaji wanakutoza 3,000 kwa mzigo (mfano tena), hiyo ni 360,000. Kibaraza cha 453,000 kimekuwa cha 813,000, na bado sementi haijalowa njiani. Mfuko ulioingia maji ya bahari huo umekuwa jiwe, usihesabu tena.

Mbao za kibaraza hichohicho zina kilo kama 300 tu. Mizigo sita, 20,000 hivi ya usafiri. Jumla kama 500,000.

Hata hivyo tuwe wakweli: zege la 813,000 likidumu miaka 20 ni kama 40,000 kwa mwaka. Bado linashinda mbao. Kwa hiyo ukali wa usafiri peke yake haujaua hoja ya zege.

Kinachoua ni TOPE. Zege la mita za ujazo 1.2 lina uzito wa karibu tani 3, na kifusi chini yake tani 3 nyingine. Unaziweka juu ya udongo unaolowa na kukauka, unaovimba na kunywea. Upande mmoja unazama, mwingine unabaki. Zege halijui kupinda, linajua kupasuka. Likipasuka mwaka wa nne, 813,000 ÷ 4 ni zaidi ya 203,000 kwa mwaka. Mbao za kulekule Delta ni kama 103,000. Hapo zege limekuwa ghali mara mbili ya mbao, wakati risiti za dukani ni zilezile.

UTAJUAJE ARDHI YAKO?

Huhitaji mtaalamu kutoka Dar. Fanya hivi:

1. Chimba shimo la futi mbili pale pale. Maji yakitokea chini, au udongo unafinyangika kama wa chungu na unanata mkononi, hilo ni onyo.

2. Chukua chuma au mti wenye ncha, simama juu ya shimo, usukume kwa uzito wako. Ukizama kirahisi kama kisu kwenye ugali, achana na zege.

3. Uliza wazee maji ya bamvua kubwa na ya mafuriko ya 2024 yalifika wapi. Kama yanapita hapo, kibaraza cha zege kilichonyanyuliwa kinaweza kuwa ukuta wa kuyazuia maji na kuyasukumia ndani ya nyumba. Kwenye nyumba ya udongo hiyo ni hatari, ukuta unalowa kwa chini unaanguka.

4. Angalia zege lingine kijijini lililomwagwa zamani kidogo: shule, msikiti, zahanati. Limekaaje? Lina nyufa? Hilo ndilo jaribio la bure kuliko yote.

UKIAMUA ZEGE, USIFANYE HAYA

Usiache nguzo za zamani chini. Zing'oe zote na mizizi. Mti uliozikwa unaoza, panabaki tundu, zege linakaa hewani. Mbao kuukuu ambazo bado nzima zitumie kuzuia zege pembeni, umeokoa ile 30,000.

Usitumie mchanga wa pwani wala maji ya chumvi. Ukiweka nondo ndani, chumvi inaifanya ipate kutu, inavimba, inapasua zege kutoka ndani. Hata bila nondo, chumvi inavuta unyevunyevu na kuacha unga mweupe juu. Kwenye Delta mto wenyewe unakuwa na chumvi wakati wa kiangazi, kwa hiyo maji ya zege nayo yahesabu kama mzigo au subiri mvua uvune ya bati.

Pima mchanga kwa chupa. Weka mchanga, ongeza maji, tikisa, acha itulie saa kadhaa. Kwenye sentimita 10 za mchanga, tope la juu lisizidi nusu sentimita hivi. Likizidi, osha au tafuta mwingine.

Usimruhusu mtu kuongeza maji ili zege liteleze vizuri. Zege la uji ni jepesi kumwaga na jepesi kumeguka.

Weka mteremko wa sentimita 1 mpaka 2 kwa kila mita, kuelekea nje ya nyumba. Na gawa kile kibaraza vipande viwili kwa mstari wa katikati, likitaka kupasuka lipasukie hapo ulipopanga wewe.

Na kubwa kuliko yote: mwagilia siku 7, funika na magunia au majani ya mgomba yaliyolowa. Hii haigharimu kitu na ndiyo watu wanairuka. Siku ya pili wameshaanika mpunga!

NA KAMA ARDHI IMEKATAA?

Usilazimishe. Kuna njia mbili za katikati. Ya kwanza, baki na mbao juu lakini kila nguzo ikae kwenye kitako kidogo cha zege, na kipande cha bati kati ya zege na mti. Mti haugusi tope, mchwa wanaonekana wakipanda, maji yanapita. Mifuko miwili ya sementi inaweza kutosha. Ya pili, pale ambapo ardhi ni ngumu kiasi lakini inacheza, panga vitofali vya pevingi juu ya mchanga. Pakizama sehemu unainua vitofali, unajaza mchanga, unarudisha. Zege likizama huliinui.

Kwa hiyo mdau, simu ikilia kesho usiulize kwanza "sementi bei gani?" Uliza: "Mmechimba shimo? Mmekuta nini?" Majibu yakija ndio ufungue Excel hapo kafe, uweke bei za kwenu, ugawe kwa miaka. Ukikuta ardhi ni kavu tuma hela ya zege bila wasiwasi, wazee wapumzike. Ukikuta ni tope, tuma hela ya mbao na vitako, na ile inayobaki wanunulie mabati ya paa.

Mliojenga Salale, Mbwera, Nyamisati na kwingineko, tupeni bei zenu za kweli za usafiri hapo kwenye maoni, na mtuambie zege lenu lina miaka mingapi na limekaaje. Mafundi pia karibuni, mkiona kipimo hakijakaa sawa semeni.