Mafuta ya Giaboksi na Njia za Matope

Leo nataka kusema nanyi habari za mafuta ambayo wenye motokaa wengi huyasahau, nayo ni mafuta ya sanduku la gia, ambalo mafundi huliita giaboksi. Oili ya injini hukumbukwa. Ya gia husahauliwa mpaka gari lisimame njiani.

Tutazame Lagangabilili, makao makuu ya Wilaya ya Itilima, Mkoa wa Simiyu. Hiyo ni nchi ya pamba na ng'ombe, na sehemu nyingi zina udongo mweusi wa mbuga. Wakati wa kiangazi udongo huo hupasuka kwa ukavu. Wakati wa mvua hunata magurudumuni kama ulimbo.

Yafaa kwanza tujue kazi ya mafuta hayo. Katika giaboksi ya mkono, ambayo dereva huibadili mwenyewe kwa klachi, mafuta mazito hulinda meno ya gia yasilane. Katika giaboksi inayojibadili yenyewe mafuta ni mepesi, na kazi yake ni kubwa zaidi: hupeleka nguvu ya injini kwenye gia, hukaza klachi za ndani, tena hupoza. Giaboksi za namna hii zilianza kuuzwa kwa wingi huko Marekani katika gari za Oldsmobile za mwaka 1940. Leo zimo katika gari nyingi zinazoletwa Tanzania kutoka Japani.

Je, mafuta yabadilishwe lini? Kitabu cha gari ndicho hakimu. Vitabu vingi hutaja kilomita baina ya 50,000 na 100,000, na hupunguza hesabu hiyo kwa gari lenye kazi ngumu. Basi dereva wa njia za matope asijilinganishe na dereva wa lami, maana mafuta yake yana adui wawili.

Adui wa kwanza ni joto. Gari lenye giaboksi ya kujibadili likikwama topeni, na dereva akazidi kukanyaga moto magurudumu yazunguke bure, mafuta huchemka na kuungua. Adui wa pili ni maji. Giaboksi ina kitundu cha kupumulia. Ikiwa ya moto, kisha ikazama katika maji ya kijito, hewa ya ndani hupoa na kunywea, ikavuta maji ndani. Hapo usingoje kilomita; badilisha mara moja.

Dalili huonekana kwa tone moja juu ya kitambaa cheupe. Mafuta mapya ya giaboksi ya kujibadili kwa kawaida ni mekundu na maangavu. Yakiwa meusi yenye harufu ya kuungua, yamechoka. Yakifanana na chai ya maziwa, yana maji.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Simamisha gari mahali tambarare, mafuta yakiwa na uvuguvugu tu. Zima injini, zuia magurudumu, wala usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Fungua kwanza nati ya kujazia, ndipo ufungue ya kumwagia. Kwa maana ukimwaga kwanza, kisha nati ya juu ikakataa kufunguka, utabaki na gari lisilo na mafuta wala njia ya kuyatia. Pima mafuta yaliyotoka. Unga laini wa chuma penye sumaku si ajabu. Vipande vikubwa ni habari ya fundi.

Tia mafuta ya namna iliyoandikwa kitabuni, si mengine. Kwa giaboksi ya mkono, jaza mpaka yafike ukingo wa tundu. Kwa ile ya kujibadili, rudisha kadiri iliyotoka, kisha upime kama kitabu kiagizavyo. Usishangae yakitoka machache, kwani mengine hubaki ndani.

Mafuta ya zamani yatie katika debe lenye kifuniko. Usiyamwage karibu na kisima wala lambo, maana watu na mifugo hunywa huko.

Gari likifa giaboksi wakati wa kuuza pamba, hasara haiishii kwa mwenyewe. Mkulima hungoja na marobota yake kando ya njia, na mgonjwa hukosa wa kumfikisha hospitali. Lita chache za mafuta ni rahisi kuliko hayo yote.