Uvimbe Umenywea, Safari Bado

Jino la mtoto wa miaka 6 likilegea, nyumba nzima hufurahi: anakua. Lakini gego likilegea kabla ya wakati wake na shavu likajaa, furaha hiyo haipo. Jino linang'olewa, uvimbe unabaki. Wiki mbili baadaye jicho la upande ule limeanza kutoka nje. Bibi anasema mtoto kahusudiwa. Baba mdogo anasema ni usaha tu, utaisha. Katika hospitali ya rufaa kinyama kinakatwa kwenye uvimbe, na majibu yanaporudi, ugonjwa unakuwa na jina la mtu: limfoma ya Burkitt, saratani ya seli za kinga.

Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Wiki chache baadaye akamkuta mwingine kama huyo Jinja. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipakia gari kuukuu wakaendesha kilomita zipatazo 16,000 kuelekea kusini mwa Afrika, wakiuliza katika kila hospitali waliyopita: watoto wa namna hii mnawaona? Ramani waliyoipata ilifuata joto na mvua, yaani kule malaria inakokaa. Huko London, mtafiti aitwaye Anthony Epstein alikuwa amemsikia Burkitt akihutubia. Akaanza kupokea vinyama vilivyosafirishwa kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 ndani ya seli zake kikaonekana kirusi ambacho leo kinabeba jina la Epstein-Barr.

Kirusi hicho karibu kila mtoto wa kwetu amekipata kwa njia ya mate kabla hajaanza shule, na walio wengi hakiwafanyi lolote. Malaria ya mara kwa mara ndiyo inayochochea ugonjwa. Huzilazimisha seli B za kinga kuzaliana kwa pupa, na katika pupa hiyo kipande cha kromosomu namba 8 hukatika kikabandikwa, mara nyingi, kwenye namba 14. Jeni ya MYC, inayoiamuru seli igawanyike, inajikuta mahali ambapo haizimwi tena. Nimelieleza hili kwa urefu makusudi, kwa kuwa swali la kwanza nyumbani huwa ni nani kakosea. Hakuna aliyekosea. Na dada anayelala na mgonjwa kitanda kimoja hawezi kuambukizwa saratani hiyo.

Seli za saratani hii huongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Kasi hiyo inatisha, lakini ndiyo hiyo hiyo inayozifichua, maana dawa za kemo hupiga seli inapojigawa. Ndani ya siku chache baada ya dozi ya kwanza taya huanza kunywea. Seli zinakufa nyingi kwa mpigo hata mabaki yake yanaweza kuziba figo. Ndiyo sababu dripu haikatiki na wauguzi wanapima mkojo usiku kucha.

Uvimbe ukishanywea, hapo ndipo pa hatari nyingine. Mama amelala chini ya kitanda cha wodi wiki tatu. Ng'ombe ameuzwa, wadogo wameachwa kwa jirani, mvua za kupandia zimeanza. Mtoto anacheka, anaomba chapati. Nani asingesema kapona, twende? Hesabu ya familia hii si ya ujinga. Ila seli zilizosalia hazionekani kwa macho. Nyingine hujificha kwenye maji ya uti wa mgongo na ubongo, na zinafuatwa huko kwa ile sindano ya mgongo inayoogopwa na kila mzazi. Dozi zikikatizwa, ugonjwa hurudi ndani ya miezi, na mara nyingi dawa za awali hauzisikii tena.

Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona. Katika nchi nyingi maskini hawafiki asilimia 30, na kuacha matibabu njiani ni mojawapo ya sababu. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilijiwekea lengo la asilimia 60 ifikapo 2030. Kwa maoni yangu, ili lengo hilo lifikiwe, nauli nayo ingeandikwa kwenye cheti cha dawa.

Kwa hiyo ndugu, ukienda kumjulia hali mtoto aliyetoka wodini, soda na biskuti peleka, lakini muulize mama yake tarehe ya dozi inayofuata, kisha umwachie nauli ya siku hiyo.